Kumeza na Kutafuna

Kiswahili kina maneno mengi kwa jambo hili moja, na kila neno limebeba hukumu yake. Mwanafunzi wa madrasa anahifadhi. Mwanafunzi wa sekondari anakariri. Yule anayetaniwa na wenzake bwenini anameza, au anakremu, na siku ya mtihani husemwa kwamba amekwenda kutapika. Kuhifadhi ni sifa, kutapika ni aibu, na katikati pana kukariri, ambako watu hawajaafikiana kama ni kazi njema au mbaya. Upande wa pili tuna kuelewa. Neno hili ni ndugu wa damu wa kueleza. Yote mawili yametoka katika kuelea, yaani jambo kuwa wazi kwa mtu. Waliotuachia lugha hii waliona kwamba aliyeelewa na awezaye kueleza ni mtu mmoja.

Nilifundisha Historia kwa miaka mingi kabla ya kukabidhiwa shule niiongoze, na wazazi walioingia ofisini kwangu walikuja aghalabu na malalamiko ya aina moja: mtoto anakesha na vitabu, taa haizimwi, lakini matokeo yakitoka hayana uso. Wengi waliamini kwamba kukariri ni uvivu wa vijana wa siku hizi. Mimi siamini hivyo. Kukariri kuna asili yake, kuna waliokuleta katika umbo tulilonalo, na kuna sababu zinazokuweka hai mpaka leo. Basi tuanze huko nyuma.

Katika pwani yetu kuhifadhi kulikuwa elimu yenye heshima kuu. Mtoto aliingia chuoni kwa mwalimu akiwa mdogo, akaanza na herufi, akapanda juzuu kwa juzuu, akaijua Kurani kwa ghibu kabla ya kujua maana ya Kiarabu chake. Wageni wengi waliona hapo ndipo mwisho wa safari, wakaandika kwamba Waafrika wa pwani wanafundishwa kama kasuku. Hawakukaa vya kutosha. Aliyeendelea alikutana na tafsiri, sarufi na fikihi, akaketi mbele ya shehe aliyemuuliza na kumbishia, na yale aliyoyahifadhi utotoni yakawa akiba ya kutolea. Kuhifadhi kulikuwa kuweka nafaka ghalani. Hakuna aliyedai kwamba ghala likijaa watu wameshashiba. Ndivyo ilivyokuwa kwa tenzi pia. Utenzi wa Mwana Kupona, wosia wa mama mgonjwa kwa binti yake, huhesabiwa kuwa ulitungwa 1858, nao ulikaa vifuani mwa wanawake wa pwani muda mrefu kabla ya kupigwa chapa. Mwanamke aliyeuimba aliyajua maneno na alizijua nyumba, waume na ndugu wanaotajwa humo. Maneno hayakuwa yakielea hewani.

Mwaka huohuo wa 1858, mwezi Desemba, huko Uingereza, Chuo Kikuu cha Cambridge kiliendesha kwa mara ya kwanza mitihani yake kwa wanafunzi wa shule. Sisemi mambo haya mawili yana uhusiano. Nayataja kwa sababu siku moja yalikuja kukutana, tena katika madarasa yetu. Miaka michache baadaye mitihani hiyo ilivuka bahari hadi Trinidad, na kutoka huko ikaenea katika makoloni mengi ya Mwingereza. Mtihani wa namna hiyo, wa karatasi zilizofungwa na msahihishaji asiyemjua mtahiniwa, haukuwa wazo geni duniani. Wachina walikuwa nao kwa miaka kama 1300: kijana aliyetaka utumishi wa mfalme alivihifadhi vitabu vya Confucius na wenziwe, akafungiwa katika kichumba chembamba, akaandika. Waliufuta mwaka 1905, baada ya wenyewe kulalamika kwa muda mrefu kwamba unazaa mafundi wa kunakili kuliko watu wa kutawala.

Uingereza nayo ilionja jambo hilohilo. Mwaka 1862 serikali yake ilitoa kanuni iliyofungamanisha ruzuku ya shule na majibu ya watoto mbele ya mkaguzi. Mtoto akisoma vizuri, shule inapata fedha. Akishindwa, fedha zinakatwa, na mshahara wa mwalimu unatikisika. Unadhani walimu walifanya nini? Kitabu cha kusoma kilikuwa kimoja kwa mwaka mzima, basi watoto wakakikariri chote. Ikasimuliwa juu ya watoto waliosoma bila kosa na kitabu wamekishika juu chini. Matthew Arnold, mshairi mashuhuri ambaye alikuwa mkaguzi wa shule, aliipinga kanuni hiyo tangu mwanzo, lakini ilichukua zaidi ya miaka 30 kuing'oa yote. Nawaomba wenzangu walimu walikumbuke tukio hili kila wanapoambiwa kwamba cheo chao au posho yao itapimwa kwa wastani wa ufaulu. Penye malipo kwa majibu, majibu yatapatikana. Kama kuna kitu nyuma ya majibu hayo ni swali jingine.

Mimi nilifanya mtihani wa kidato cha sita mwaka 1970, chini ya Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki lililoanzishwa 1967. Tulikuwa wachache sana. Kijana aliyefika kidato cha sita alitazamwa kijijini kama mtu aliyekwisha kuajiriwa. Tulikariri, tena kwa juhudi. Tulikuwa na tarehe za vita vya Ulaya, majina ya mawaziri wa Ujerumani, vipengele vya mikataba. Tulitembea nyuma ya bwalani alfajiri tukinong'ona kama watu wenye homa.

Wakati tukinong'ona hivyo, jambo kubwa lilikuwa limetendeka nchini petu na sisi hatukuwa na habari. Mwaka 1968 wanafunzi wa Historia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiongozwa na walimu wao, akina John Iliffe na Gilbert Gwassa, waliondoka wakaenda vijijini kusini kuwauliza wazee kuhusu Vita vya Maji Maji. Walioviona vita kwa macho yao ya utotoni walikuwa bado hai. Wazee wale hawakuwa wamekariri chochote, lakini walikumbuka: nani alibeba maji kutoka Ngarambe, nani alilazimishwa kulima pamba, akida gani aliwapiga watu viboko, njaa ilikula ukoo gani. Wanafunzi wakayaandika, wakayalinganisha na nyaraka za Wajerumani, wakauliza tena pale palipogongana. Huko ndiko kuelewa kwenyewe. Nilikuja kulisoma jambo hili nilipokuwa chuo cha ualimu, na nakumbuka nilivyokaa kimya na kile kitabu. Nilikuwa nimefaulu Historia bila kuwahi kumwuliza mzee yeyote swali lolote.

Mwalimu Nyerere aliliona tatizo mapema. Katika Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, aliulaumu mtindo wa kuifanya shule iwe matayarisho ya mtihani, mtihani ambao unapima uwezo wa kujifunza mambo na kuyatoa yakihitajika. Mwaka 1971 Tanzania ilijitoa katika baraza lile la Afrika Mashariki, na 1973 sheria ikaunda Baraza la Mitihani la Taifa. Azimio la Musoma la 1974 likataka kazi na mwenendo wa mwanafunzi vihesabiwe pamoja na mtihani wa mwisho. Nia ilikuwa njema kabisa. Lakini wacha nikusimulie kichekesho nilichokishuhudia mwenyewe. Katika somo la Siasa tuliwafundisha wanafunzi Elimu ya Kujitegemea, nao wakaigeuza kuwa hoja nne zenye namba, wakazimeza, na moja ya hoja hizo ilikuwa kwamba elimu ya kikoloni ilihimiza kukariri. Waliiandika neno kwa neno, darasa zima, bila kutabasamu.

Sasa nifike katika jambo lililonifanya niandike sura hii.

Katika miaka ya 1980 niliitwa mara kadhaa kusahihisha mitihani ya Historia ya kidato cha sita. Kazi ile wengi hawaijui. Mnakaa ukumbini kwa majopo, kila jopo na swali lake, mwongozo wa kusahihishia mezani, na mbele yenu vijitabu vyenye namba badala ya majina. Mwaka mmoja jopo letu lilikuwa na swali la sababu za Maji Maji. Mwenzangu aliyekaa kulia kwangu akaacha kuandika, akasogeza vitabu viwili mbele yangu. Utangulizi ulikuwa mmoja. Hoja sita kwa mpangilio mmoja. Tukatazama cha tatu, cha nne, cha kumi. Shule nzima, vijana 30 na kitu, walikuwa wameandika insha moja. Wote walisema Kinjikitile alinyongwa 1907, ilhali alinyongwa Mohoro mwanzoni mwa Agosti 1905, vita vikiwa na siku chache tu.

Wenzetu kadhaa walisema huu ni udanganyifu, majibu yamepitishwa chumbani, matokeo yafutwe. Fikiria uzito wa neno hilo. Vijana 30 na kitu, miaka 13 ya shule, ng'ombe waliouzwa, na sisi tumekaa na kalamu nyekundu. Kiongozi wa jopo, mzee mmoja mtulivu, hakusema kitu. Alituagiza tugawane vitabu vyote vya shule ile tuvisome upya, tukitafuta tofauti badala ya mfanano.

Nami ndiye niliyeangukia kitabu kilichotuonyesha njia. Sentensi ya wengine wote, nikiitafsiri, ilisema kwamba kodi ya Wajerumani iliwalazimu watu kufanya kibarua, na kibarua kiliwatoa watu mashambani mwao. Kijana huyu aliandika kwamba kodi iliwalazimu watu mashambani mwao. Basi. Hapakuwa na maana yoyote, lakini sikuhitaji kuambiwa kilichotokea. Alikuwa akiusoma ukurasa uliokuwa kichwani. Akafika kwenye "watu" wa kwanza, jicho la ndani likarukia "watu" wa pili, akaendelea na safari. Mwingine alikuwa ameruka hoja ya tatu yote lakini akaipa hoja ya nne namba yake ya nne. Mwingine alikwama katikati ya aya, akaacha mistari mitatu mitupu kwa matumaini kwamba itarudi, akaendelea. Anayenakili kutoka kwa jirani hakwami namna hiyo. Watoto hawa hawakudanganya. Walikuwa wamepewa insha na mwalimu wao, wakaimeza nzima nzima, na 1907 ilikuwa kosa la ubaoni.

Kiongozi wa jopo alitukubalia. Basi tukasahihisha kwa mwongozo: hoja ipo, alama ipo, maelezo yapo, alama ipo. Wakafaulu, na wengine vizuri sana. Ninasema kwa uthabiti kwamba ilikuwa haki yao, kwa kuwa mwongozo haukuuliza kama mtahiniwa anajua alichokiandika. Lakini usiku ule katika chumba tulicholala walimu wanne hakuna aliyelala mapema. Mwenzangu aliuliza swali ambalo sijapata kulijibu: yule wa kodi na mashamba, ambaye kumbukumbu yake iliruka, tulimnyima alama ambazo wenzake walipata. Je, wenzake walielewa zaidi yake, au walikuwa tu na macho mazuri zaidi ya ndani?

Miaka kama mitano baadaye alikuja shuleni kwetu mwalimu mwanafunzi kwa mazoezi ya kufundisha. Kijana mtanashati, mwenye heshima, ubao wake ukipendeza kama kitabu. Nikaketi nyuma ya darasa. Somo lilikuwa Maji Maji. Akaandika utangulizi, na kabla hajafika nusu nikajua mstari unaofuata. Nilipomwita ofisini nikamwuliza kwa upole alikoyapata maelezo yale. Akajibu kwa fahari: "Shikamoo tena mzee, haya ni ya mwalimu wangu wa kidato cha sita. Yalitufaulisha wote." Ile 1907 alikuwa nayo bado.

Ningemlaumu kwa lipi? Njia ile ilimfikisha alipokuwa. Nilimpa nakala yangu iliyochakaa ya masimulizi ya wale wazee, na wiki iliyofuata akawauliza wanafunzi swali ambalo halikuwa kwenye maelezo yake: kama maji hayakuzuia risasi, kwa nini watu waliendelea kupigana hata baada ya Kinjikitile kufa? Darasa lilinyamaza kwanza. Kisha msichana mmoja akajibu kwa Kiswahili, na mwingine akampinga kwa Kiswahili, na dakika ishirini zikapita kama mbili.

Msomaji ataliona neno nililolirudia. Kwa Kiswahili. Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wengi wanaosema tatizo ni mitihani peke yake. Mtoto wetu husoma shule ya msingi kwa Kiswahili tangu uamuzi wa 1967, kisha anaingia kidato cha kwanza na kila somo, isipokuwa Kiswahili chenyewe na masomo machache, liko kwa Kiingereza. Anafika kidato cha tano na Kiingereza cha kusomea, si cha kubishania. Sasa mwambie aeleze kwa maneno yake mwenyewe. Maneno yake mwenyewe ni yapi? Maneno aliyo nayo kwa Kiingereza ni ya mwalimu, basi atatumia ya mwalimu, na kwa usalama atayatumia yote kwa mpangilio uleule. Huyu si mvivu. Ni mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe aliyowekewa, kwa kuwa hajui kuogelea. Tume ya Rais ya Elimu ya 1982, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari mwaka 1985. Pendekezo halikutekelezwa. Sera ya 2014 ilifungua mlango kwa lugha zote mbili, lakini mlango kufunguliwa si mtu kuingia. Kidato cha sita bado kinajibu Historia kwa Kiingereza. Mtaala wa 2005 nao ulihubiri umahiri badala ya kukariri, na semina zikafanyika, ila insha za hoja sita ziliendelea kumezwa kama kawaida. Majirani zetu Kenya walikifuta kidato cha sita chenyewe, watahiniwa wa mwisho wakiwa wa 1989. Kukariri kukahamia chini, kidato cha nne.

Kuna walioruka upande wa pili na kusema mwanafunzi asikariri chochote, aelewe tu. Hao nao siwaungi mkono. Mwaka 1973 wataalamu wawili wa Marekani, William Chase na Herbert Simon, waliwaonyesha wachezaji wa sataranji ubao wenye mchezo kwa sekunde 5, kisha wakawataka waupange upya kutoka kichwani. Mabingwa walirudisha vipande vingi. Wanaojifunza walirudisha vichache. Kisha vipande vikatawanywa ovyo, bila mchezo wowote. Bingwa akawa kama mtu yeyote. Sisi wacheza bao hatukuhitaji kwenda Marekani kulijua hilo. Fundi wa bao atakusimulia kete za mchezo wa jana shimo kwa shimo, lakini mmwagie kete ovyo uone. Kuelewa ndiko kunakoshika. Hata hivyo fundi huyo ana michezo elfu kichwani, na bila hiyo asingeona chochote ubaoni. Asiyejua kwamba Maji Maji ilianza Julai 1905 na kwamba viongozi wa Wangoni walinyongwa Songea Februari 1906 hawezi kuuliza kwa nini vita vilisambaa upesi kiasi hicho, kwa kuwa haoni upesi wowote.

Nilipokuwa mkuu wa shule nililiweka hili katika ratiba. Kila wiki kidato cha tano na cha sita walikuwa na kipindi kimoja cha mjadala wa Historia kwa Kiswahili, kisha jioni waliandika kwa Kiingereza walichokibishania, vitabu vikiwa vimefungwa. Mkaguzi mmoja aliandika katika taarifa yake kwamba shule inavunja utaratibu wa lugha, nami nikaitwa kujieleza. Wazazi pia walinijia: shule fulani inatoa maelezo yaliyochapwa, majibu yote yamo, sisi tunawapigisha watoto soga. Katika kikao kimoja baba mmoja, fundi gereji, alisimama kunitetea kwa njia ambayo sikuitazamia. Alisema yeye ana vijana wawili gereji. Mmoja anajua hatua za kufungua injini kwa mpangilio, mwingine anajua kwa nini kila hatua ipo. Siku boliti ikigoma, alisema, mmoja ananiita mimi. Kikao kikacheka, kipindi kikabaki. Matokeo ya mwaka ule hayakupanda sana wala hayakushuka. Nilichokiona ni kwamba mistari mitupu katikati ya aya ilipungua. Kijana akisahau sentensi, alitengeneza nyingine, mbovu kisarufi lakini yake.

Mjukuu wangu yuko kidato cha sita sasa, anasoma HGL. Likizo iliyopita alikuja na daftari la hoja zilizokwisha kuandikwa, na usiku nilimsikia akinong'ona uani. Asubuhi nilimwambia anieleze Maji Maji kwa Kiswahili, kama anavyomweleza bibi yake. Akaeleza vizuri, hata akakasirika kidogo alipofika kwenye njaa. Kisha akaniuliza: "Sasa babu, kwenye pepa nikiyakosa maneno ya Kiingereza itakuwaje?" Tukakaa tukahesabu maneno ambayo hawezi kuyakwepa. Yalikuwa 14, pamoja na tarehe 5. Akayaandika kwenye kipande cha boksi la chai, akakitia mfukoni mwa sketi, akarudi uani kunong'ona hayo.